Mto Mdogo Uliomchukua Mama

Mdogo wangu Taaka,

Huku Eldoret baridi inauma mpaka meno, lakini ungemwona Nabwire wangu! Binti yangu ndiye anayepima mto Sosiani kila asubuhi. Anaingia na gamubuti, anasoma ubao wa namba uliosimamishwa majini, na wanaume wazima wanangoja aseme maji yamefika wapi. Nimejivuna mpaka nikaona haya.

Taaka, mto wenyewe ni mdogo! Ng'ombe anauvuka bila kulowa tumbo. Nikamuuliza, "Ndio huu uliotubomolea boma?"

"Mama, huu bado mtoto. Unaingia Kipkaren, halafu Nzoia. Ukifika kwenu Budalang'i, karibu na ziwa, ni mtu mzima."

Nikalia pale pale, watu wakinitazama.

Leo maji yamepanda sana kwenye ubao, na yanakuja huko. Simu unanikatia nikitaja kuhama, ndiyo maana nimempa jirani yetu wa huko kadi hii, anarudi kesho. Najua hutaki kumwacha Mama peke yake. Lakini mafuriko yale yaliyobomoa boma yalishachukua na kaburi lake, mdogo wangu. Unalinda matope.

Nabwire anasema hata udongo wa kwetu uliletwa na mito kutoka huku juu, tangu enzi za mababu. Basi chota konzi moja pale Mama alipolala, uje nayo. Tutamzika upya hapa Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, kwa mjukuu wake.

Nimekutandikia kitanda karibu na changu. Njoo tumlilie pamoja, mahali pakavu.

Dada yako akupendaye,
Mama Nabwire