Mahindi ya Malimbuko Yasiliwe

Tunduma, Songwe
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Rozi,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini mu wazima, na mwanao Pendo ameanza kutembea. Mimi sijambo. Mama naye anasema hajambo, ingawa macho yake yamekuwa ya njano. Simu yako huko Inyonga haipatikani, ndiyo maana nimemkabidhi dereva wa lori barua hii.

Kabla ya yote: usipike tena mahindi aliyokutumia Mama.

Unaijua desturi yake, malimbuko ni ya watoto walio mbali. Mwaka huu aliyavuna kwenye mvua za mwisho, akayaweka darini juu ya jiko, akayafunga kwenye magunia kabla hayajakauka. Moshi uliyatia weusi, ukungu usionekane. Pumba zake aliwapa nguruwe. Wote wamekufa.

Nilipeleka kopo moja maabara kwa Gwantwa, yule binti wa mchungaji wa Igamba. Kwanza alipima rangi ya vimiminika ambavyo kiasi chake cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, kinajulikana. Kompyuta ikaweka nukta kwenye grafu, ikapitisha kati yake mstari uliopinda, wanauita mkunjo. Kisha unachukua rangi ya sampuli yako, unaifuata hadi kwenye mkunjo, unashuka chini kusoma kiasi. Rangi ikififia, sumu imezidi. Yetu ilikuwa karibu sawa na maji. Ilipita nukta ya mwisho, na kompyuta haikutoa namba.

"Si uurefushe tu huo mstari?" nilimuuliza.

"Kaka Asajile, huko mbele sijapima kitu. Nikiurefusha nitakuwa napiga ramli."

Akaizimua sampuli mara kumi ili sumu ipungue makali, akapima upya. Safari hii iliangukia ndani ya mkunjo: mikrogramu kumi na nane kwa kilo. Zidisha kwa kumi. Kinachoruhusiwa ni kumi tu.

Nilipomweleza Mama alicheka. "Mwandishi wa habari, mpakani habari zimekwisha, sasa unaniandika mimi? Moshi haujaua mtu nyumba hii." Akaendelea kusonga ugali. Gunia lake nimelifukia. Kesho nampeleka hospitali, akitaka asitake.

Lako lilitoka darini palepale. Usiliuze, usiwape kuku. Lifukie.

Nimeusoma tena ujumbe wako wa mwisho. Uliandika kwamba Pendo ameupenda uji wa bibi yake, hataki kingine. Mpeleke akapimwe, hata ukimkuta anacheza.

Nisalimie shemeji Lucky na mama mkwe wako Elizabeti. Mungu awahi mlangoni kwako kabla ya dereva huyu.

Kaka yako akupendaye,
Asajile