Macho ya Kitinda

Jumatatu, 3 Machi
Nyuzi nyeusi zimezidi katika jicho la kulia. Leo tatu, zinaelea tu, ukizifuata zinakimbia. Sijamwambia mtu. Kisukari nimeishi nacho miaka kumi na moja, tumezoeana kama mume na mke wasiosemezana — sasa kinaniletea na wageni!

Kitinda, mdogo wangu, ametunga uzi kwenye sindano mara moja. Mara moja! Huku anapiga soga na mteja, wala hakuinamisha kichwa. Mimi niliyemfundisha kushika sindano nilijaribu mara saba, kisha nikasingizia uzi mbovu. Akanitungia. Nikasema asante, shingo upande.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki ya macho. Daktari, kijana mwenye viatu vya kung'aa, kasema mishipa midogo nyuma ya jicho inavuja damu. Ni sukari. Watanichoma mwale wa leza tarehe ishirini na sita. Kilichoharibika hakirudi, wanazuia tu kisizidi. Akauliza kazi yangu. Nikasema fundi cherehani, mkataji. Akanitazama vidole, akaandika. Sikupenda alivyonitazama.

Dukani Kitinda akauliza wamesemaje. Nikamwambia ni mambo ya miwani. Alikuwa anakula keki aliyoletewa na mteja. Vipande viwili, kisha akalamba vidole. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Gauni la mwalimu mkuu, la kuagwa kazini. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikunjiki, nikakata mikono mmoja mmoja. Ukikata hivyo, kwa mkono wa pili lazima ugeuze karatasi ya kipimo. Hata mwanafunzi wa wiki ya pili anajua. Niligeuza — lakini na kitambaa nilikuwa nimekigeuza, maana uso na mgongo wake sikuweza kuvitofautisha. Mikono miwili ya kushoto! Miaka yote hii ya kukata.

Kitinda ndiye aliyegundua, alipoibana kwa pini. Bora angenicheka, ningepata pa kumkamatia. Aliitazama mikono, akanitazama mimi, akaikunja.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu mkuu kaja kulijaribu. Kitinda alishinda Jumapili nzima nalo. Gauni halina mikono tena. Ile niliyoiharibu kaikatakata, akatoa kola pana inayofunika mabega. Mama wa watu kajigeuza mbele ya kioo kama msichana wa sare mpya. Akauliza nani kabuni.

"Dada," Kitinda akajibu. "Mimi nashona tu."

Mwalimu akanitazama kwa huruma. Huruma! Kisha akamwambia Kitinda kwamba ataleta vitambaa vya kwaya, na angependa yeye ndiye azikate sare. Mbele yangu. Meza ya kukatia ni yangu, duka zima limesimama juu ya meza hiyo. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ni wivu, niuite kwa jina lake. Namwonea mdogo wangu wivu wa macho, wa vidole, wa keki, hata wa usingizi — analala fofofo bila kuhesabu alichokula. Sote tumbo moja. Kwa nini mimi?

Jumanne, 11 Machi
Tumegombana, hata chai hatujanywa. Kaikuta karatasi ya kliniki mkobani mwangu alipokuwa anatafuta funguo za duka. Akauliza kwa nini nimemficha. Basi nikalipuka. Nikamwambia anangoja nipofuke arithi meza. Nikamwambia na mengine ambayo hata humu siyaandiki.

Hakupandisha sauti. "Dada, mimi ile meza naiogopa. Nikishika mkasi wako napima mara tatu na bado sikati."

Nikamjibu kwamba haogopi lolote, na kwamba hajui ugonjwa ni nini, hajawahi hata kujichoma kidole. Akavuta droo, akatoa kimashine changu cha kupimia sukari na sindano yake, akajichoma kwa hasira, damu ikatoka nyingi kuliko inavyotakiwa. "Haya. Nimechomwa na mimi. Umeridhika?"

Akaligusisha tone kwenye kimashine, kikalia. Akakitazama, maana tarakimu mimi sizioni vizuri. "Kumi na tano nukta sita," akasema. "Hiyo ni nzuri?"

Nami — niandike tu, hakuna anayesoma — nilifurahi. Asiye na kisukari hafiki hata kumi na moja, na kwa pumzi moja nilifurahi, kama mtu aliyepata mwenzake kwenye foleni. Mungu nisamehe. Pumzi ya pili nikamwona kasimama ananyonya kidole, ananingoja, kwa sababu mambo ya sukari humu ndani mjuzi ni mimi.

Nikamwambia labda vidole vilikuwa vichafu, anawe kwa sabuni tupime upya. Nikakimbilia chumbani. Naandika nimesimama. Bomba linamwagika, ananawa muda mrefu mno. Sasa kalifunga.

"Dada," anaita, "safari hii nichome kidole kipi?"