Sasa Bomba Linageuka

Baba Mizero,

Usalimiwe huko Louisville. Sisi hapa Buffalo hatujambo, isipokuwa theluji imetufika dirishani.

Ile mashine yako ya kutoa theluji nimeitengeneza. Unakumbuka bomba lake lilivyokuwa linarusha upande mmoja tu, kwa jirani, na mimi ndiye niliyekuwa naenda kuomba msamaha? Ulisema ndivyo ilivyotengenezwa. Bon, nimeifungua. Ni kagurudumu ka plastiki kanakogeuza bomba, meno yake yamelika yote. Nimenunua kapya nikafunga mwenyewe, hata chai yangu haikupoa.

Emérence, yule tuliyeimba naye kwaya kabla hajahamia Columbus, alinipigia simu. Watu wa bibi harusi walikuwa wamemwalika kwenye ile sherehe ya mahari huko Louisville, mtaa wa Newburg, uliyoniambia unakwenda kumsindikiza rafiki. Nikamuuliza kama suti niliyokupigia pasi ilikukaa vizuri. Akasema, "Dada, aliyetoa mahari ni yeye."

Suti ilikukaa vizuri sana, amesema.

Mizero anauliza utarudi lini. Umjibu mwenyewe, namba yake unayo.

Ukija kuchukua vitu vyako, usisumbuke kugonga mlango. Nimeviweka vyote pale ulipokuwa unasimamisha gari, kisha nikageuza bomba upande huo mpaka visionekane tena. Koleo la theluji nimekuachia pembeni.

Uwera