Mashine ya Mama na Mizani ya Martini

Buzebazeba, Kigoma
Jumapili jioni

Dada yangu Frida,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tabora, pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, ila goti humsumbua upepo wa ziwa ukivuma. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kiuno, na habari ya kiuno utaipata hapo mbele; cheka taratibu.

Kilichonishikisha kalamu ni ile injini ya dizeli ya mashine ya kusagia. Ulisema kwenye simu iuzwe chuma chakavu, nami sikukupinga. Tangu izime mwaka jana imekuwa kiota cha kuku, na mtaa mzima unasaga kwenye mashine ya umeme ya jirani. Mama alisema hana neno, tukubaliane sisi wanawe. Lakini lini umemwona mama akiwa hana neno? Kila asubuhi alikaa mlangoni pa kibanda, anawatazama wanawake wakipita na mabeseni ya muhogo. Zamani walisimama hapo, wakaamkiana kwa Kiha, mwakeye, na umbea wote wa Buzebazeba ukapita mikononi mwake kabla ya unga. Siku hizi wanapunga mkono tu.

Alhamisi akaja Martini, mnunuzi wa vyuma, na guta lake la magurudumu matatu na mizani. Akaisifia injini kama mtu anavyomsifia ng'ombe wa kuchinjwa. Nikamwomba asubiri, maana nilikuwa nimemwita Leodgar, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, aipime kwanza. Leodgar akafungua kichwa cha injini, akapitisha kidole ndani ya silinda, akasema imelika na ringi zimekwisha, ila kranki imenyooka na bloki haina ufa. Martini akasema mgonjwa akifika hapo huitiwa padri. Leodgar akamjibu kwamba kwao hawamziki mtu anayepumua.

Basi akamimina oili kidogo juu ya pistoni, akafunga, akasema mwenye mali azungushe hendeli. Dada, mwenye mali alizungusha. Injini ikakohoa, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, nikaketi kwenye mavi ya kuku na kitambi changu chote. Martini alicheka mpaka akashikilia mizani. Leodgar akazungusha mwenyewe, ikawaka, mabati ya kibanda yakatetemeka.

Kosa letu ni kuusahau mtaa. Huku hakuna anayeuliza kama mashine imefunguliwa, watu husikiliza. Moshi haujatulia, nikamwona Dainess na beseni kichwani, nyuma yake mama Amosi, halafu wengine, hadi foleni ikafika barabarani. Nikawaeleza kwamba tunajaribu tu, hata mkanda wa kinu haujafungwa. Dainess akaniambia nipishe, hakuja kwangu. Akasema kwa jirani muhogo unasagwa juu ya mabaki ya mahindi, na mumewe anauita ugali ule uji uliokosa adabu. Kwa mama mahindi hayajawahi kuingia. Nikageuka: mama amekwisha kujifunga kanga kiunoni, anamkemea mtu aliyeruka foleni. Hakuna kinachosagwa, lakini foleni anaipanga!

Sasa nisikilize vizuri. Mama alinivuta kando akaniuliza Frida anasemaje. Nikamwambia umepiga simu asubuhi ile, umesema itengenezwe. Nilidanganya, dada. Tena nikaongeza kwamba ulilia. Sijui kilio nilikitoa wapi. Martini akaondoka na guta tupu, na Leodgar amekwisha kupeleka kichwa Kibirizi. Vipuri nitagharamia mimi. Ningekupigia, lakini tangu siku hiyo kila simu yako mama hutaka isikike kwa wote, ndiyo maana nimempa Catherine, anayesafiri kuja huko, barua hii aje nayo kwa treni.

Mama anamtangazia kila apitaye kwamba wewe ndiye uliyeiokoa mashine, na mimi ndiye niliyetaka kuiuza. Wanawake wananitazama kwa jicho baya, na nusu ya jicho hilo nalistahili. Atakupigia kukushukuru siku mashine itakapoanza kusaga. Kama bado unataka chuma kiende mizani, niambie, nitaungama kwa mama mimi mwenyewe. Kama sivyo, nakusihi usimuulize injini ipi. Itikia tu, na ukiweza, lia kidogo.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Mama anakusalimu sana, kuliko anavyonisalimu mimi niliye naye chumba cha pili.

Mdogo wako akupendaye,
Feliksi