Maiti wa Mtihani

Alhamisi, 2 Juni 1977
Sabuni miche kumi na miwili, betri, kandambili jozi nne. Zote zimevuka mpaka chini ya mikungu ya ndizi. Baridi inakata masikio. Sokoni nimewachekesha akina mama mpaka mmoja kamwaga dagaa wake. Nimerudi chumbani. Kimya. Kitanda cha Lameck, mwenzangu wa chumba, bado kipo, sijamtafuta mpangaji mwingine. Nikipata kichekesho kipya bado nageukia upande wake.

Jumamosi, 4 Juni
Mganga Siame wa zahanati kaniita. Jumatatu anakuja daktari toka Mbeya kuwapima waganga wetu, kama wanajua kweli mtu akifa. Anatakiwa mtu wa kulala kama maiti. Malipo ni chai na maandazi.
"Ila wewe bwana hujawahi kunyamaza hata dakika mbili," kaniambia.
"Basi siku nikinyamaza andika cheti, mganga."
Kacheka. Mimi ndani sikucheka. Ni yeye aliyempima Lameck.
Februari ile nilimkuta Lameck mtaroni asubuhi, kanyeshewa usiku kucha, baridi kama samaki. Kalewa kachasu. Kachasu yangu, gongo ya ng'ambo, niliivusha mwenyewe. Nikamsukuma kwa mkokoteni mpaka zahanati. Siame kaweka kipimo kifuani, kamulika macho, kasema simsikii. Kaniuliza alikula nini, alikunywa nini. Nikasema sijui. Nikakimbia kuficha madumu kabla polisi hawajaja. Kurudi alasiri, kashafunikwa shuka.
Toka siku hiyo nina swali moja. Tulimzika mzima?

Jumapili, 5 Juni
Nimefanya mazoezi ya kufa. Kunguni wamenishinda. Hakuna wa kumsimulia.

Jumatatu, 6 Juni
Nimekufa mara nne leo.
Daktari ni mama mmoja mfupi, sauti ndogo, hacheki. Kanilaza kwenye meza. Kila mganga akiingia anamwambia maneno yale yale: huyu kaokotwa mtaroni alfajiri, ananuka pombe, mwili baridi, mapigo husikii. Mpime.
Nikaganda. Hakujua anasimulia kifo cha Lameck.
Wa kwanza kanifinya ukucha, kamulika jicho, kasema kafa. Wa pili kanigusa jicho kwa pamba, nusura nimtukane. Kafa. Wa tatu hata kunigusa hakunigusa. Kafa. Mama anaandika tu.
Wa nne Siame. Kapima vyote pole pole, kisha kasimama.
"Simwandiki huyu," kasema. "Baridi inadanganya. Pombe inadanganya. Leteni blanketi na chupa za maji ya moto. Akishapata joto nimpime upya. Na aliyemleta asiondoke, nimuulize alikunywa nini."
Machozi yakanitoka. Yakaingia masikioni.
"Maiti wako analia," mama kasema.
"Ndiyo maana nasema tusubiri," Siame kajibu. Wote wakacheka. Mimi nikashuka mezani nikaondoka. Maandazi sikuyachukua.

Jumanne, 7 Juni
Nimemvizia Siame mlangoni kwake. Nimesema yote. Kachasu, madumu, kwamba nilijua nikanyamaza. Nikamuuliza kwa nini hakumpasha Lameck joto.
Kanitazama sana.
"Nani kakwambia sikumpasha? Ulivyokimbia, mke wangu alileta mablanketi yetu mawili. Chupa sita za maji ya moto. Pombe niliinusa mwenyewe. Nimekaa naye toka asubuhi mpaka mchana, nampima, namwita jina. Mpaka shingo ikakakamaa. Ndipo nikaandika. Ulipokuja wewe alasiri hukuuliza kitu, ndugu yangu. Ulikuwa unamtania mchimba kaburi."
Kweli. Nilikuwa namtania.
"Na kama ningesema kachasu?"
"Ningefanya hayo hayo. Ila tungekuwa wawili wa kumwita."

Ijumaa, 10 Juni
Sijavuka mpaka wiki hii. Kachasu nimeimwaga chooni, madumu mawili.
Nimempelekea mke wa Siame miche miwili ya sabuni. Kauliza ya nini. Nikasema ya kufulia mablanketi. Kaelewa, kapokea.
Jua limetoka kidogo. Nimetoa godoro la Lameck nje, nimelianika. Nimekaa pembeni yake mpaka likakauka. Nimemwita jina mara moja. Kwa sauti.