Pale Palipokuwa Baridi Nyuma ya Zizi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Felicitas Igoki Mbaka
Umri: Miaka 44
Kazi: Msusi
Makao: Mtaa wa Dallas, mjini Embu

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Marehemu Wambura, mke wa Naftaly Ndambiri wa Siakago, alikuwa mdogo wangu. Mnamo Machi 2022 aliacha kushika simu. Naftaly alisema ametoroka na mwanamume wa Meru, na hata mkubwa wa watoto wao wawili alimwambia hivyo. Sikuamini. Wambura hangeacha mtoto anayenyonya.

Mnamo tarehe 24 Mei mwaka huo, kikundi chetu cha wakulima wa ndengu kilimwita Bw. Kiogora kutoka Makutano, Meru. Ana droni yenye kamera inayoona joto, na alikuwa anatafuta sehemu za shamba zilizokosa maji. Shamba langu la Siakago linapakana na la Naftaly. Mchana, jua likiwa kali, nilitazama skrini yake. Ardhi yote ilikuwa nyekundu na njano, lakini nyuma ya zizi la mbuzi la Naftaly palikuwa na alama ya buluu, urefu wa mtu. Nilimwuliza ni nini.

"Hapo palichimbwa," alisema. "Udongo uliolegea unashika maji ya mvua, haupati joto haraka kama kwingine. Labda walizika ng'ombe."

Naftaly hajawahi kufuga ng'ombe.

Nilipiga ripoti jioni hiyo. Tarehe 27 polisi walikuja na amri ya korti, wakachimba. Niliomba nisimame karibu na Naftaly. Nilitaka kuuona uso wake, na niliuona. Zilitokea nywele kwanza. Nilizijua, kwa sababu nilizisuka mimi.

Naftaly alipiga magoti akanishika mguu. "Shemeji, nisamehe. Fikiria watoto."

Nilimwambia, "Nimewafikiria. Kila siku ya kesi nitakuja kortini, nikae mahali utakaponiona."

Watoto wako kwangu. Mkubwa aliuliza kama babake atarudi. Nilimwambia alichofanya babake, sikuficha.

Ninamwombea Naftaly afya njema na maisha marefu, yote akiwa jela.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema kwa hiari yangu. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: F. I. Mbaka

Yameandikwa nami, Konstebo Kanana. Nilimweleza shahidi kuwa maombi yake ya mwisho si ushahidi na yanaweza kufutwa. Amekataa yafutwe.