Kalkuleta Isiyo na Sawasawa

Sultan Hamud,
Agosti 1986

Kwa kaka yangu Ndululu,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye vumbi. Mimi ni mzima, ni kifua tu kidogo sababu ya simiti. Wewe na shemeji mko aje huko Kitui? Mtoto alipona tumbo? Mwaitu nilimwona mwezi jana, anatembea vizuri na analalamika eti alikuzaa na huandiki.

Mimi bado nabeba mabati kwa duka la Mzee Rashid. Juzi mpwa wake wa benki alimtumia kalkuleta. Kaka, hiyo kitu ni maridadi. Inalala kwa upana, uso wake ni rangi ya dhahabu, na inaingia mfuko wa shati. Kifungo kimoja kina maandishi matatu: meupe katikati, ya dhahabu juu kwa paji, ya buluu chini kwa kidevu. Ukifinya, kinalia ta, kidole kinajua kimefika. Lakini alama ya sawasawa haina. Mzee alifinya tano, jumlisha, tatu, akangoja. Ikabaki kumwangalia na tatu yake. Irungu, yule dereva wa lori, akamwambia ametumiwa ng'ombe bila chuchu.

Aliyeijua ni Nzilani wa kaunta, binti ya Muthama wa Mukuyuni. Aliona kuna kifungo kirefu kimesimama, kimeandikwa ENTER. Unaweka namba ya kwanza, unafinya hicho, unaweka ya pili, halafu mwisho ndio unasema unataka kujumlisha ama kutoa. Jibu linakuja hapohapo. Mzee akabisha, eti mtu wa adabu husema shida yake kwanza. Nzilani akamjibu kwamba kwetu Ukambani, kama mbuzi za ntheo hazijaingia boma, maneno ya kuoa ni upepo tu. Halafu akamgeukia Irungu, maana huyo kila siku humwambia atamuoa, akamwambia yeye amefinya jumlisha na hajaweka namba. Duka lote likacheka. Mimi nilikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni. Sikucheka.

Sasa nikuambie, na usinikasirikie. Jumapili nilinunua mbuzi tatu Kasikeu nikazipeleka Mukuyuni peke yangu. Najua ntheo hupelekwa na wazee, lakini niliogopa Irungu atanitangulia. Muthama akatoka, akanisalimia vizuri, akauliza nimeleta nini. Ulimi ukakauka. Nikafunga mbuzi kwa nguzo ya boma nikaenda, karibu mbio. Sasa anauliza kila mtu yule kijana bubu ni wa nani, na anasema mwenye mbuzi asipofika Jumamosi, zinaenda kwa chifu.

Hiyo hadithi Nzilani mwenyewe ndiye alituletea dukani. Wateja wakacheka mpaka wakatoka. Tukabaki wawili. Akafinya moja, akafinya ENTER, akafinya moja tena, akanisukumia kalkuleta. Niliangalia vifungo sana. Halafu nikafinya jumlisha. Ikatokea mbili, na sufuri zake nyuma. Akaichukua, akaipangusa na leso, akaendelea kupima misumari.

Kaka, tangu baba atutoke wewe ndiye baba. Tafadhali kuja na mjomba Ndeti kabla ya Jumamosi, mumwambie Muthama mbuzi ni zetu na zilikuja kufanya nini. Namba zote ziko ndani. Umebaki mdomo, na huo ulipewa wewe.

Msalimie shemeji, na mtoto umbebe juu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Muli